Siku Bibi Sairakan Alipotaka Kupatana na Ofisi ya Maji

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wetu wa kofia nyeupe, wazazi na wahitimu wenzangu: salaam kwenu nyote.

Mwalimu Zuurakan, anayestaafu leo, ndiye aliyenituma hapa mbele. Nilimwambia, "Mwalimu, sauti yangu haifiki hata dawati la pili." Akasema, "Basi watakusogelea."

Mwaka jana jirani yetu Toktosun aligeuza maji ya mfereji siku ya zamu yetu, yakaingia kwake. Bibi yangu Sairakan akamshtaki kwa wazee. Wakawaketisha pamoja, wakamega mkate mmoja, na Toktosun akamwachia Bibi siku mbili za zamu yake. Hiyo, Mwalimu alitufundisha, ni sheria binafsi: watu walio sawa, wakidaiana haki.

Mwezi uliopita Ofisi ya Maji ilifunga mlango wa mfereji wetu bila kutuambia sababu. Mitufaha ya Bibi, ambayo ndiyo riziki yetu, ikaanza kukunja majani. Bibi akafanya alilolijua: akaoka mkate, akachukua na paja la kondoo, akaenda kupatana na ofisa.

"Bibi, kwani tumegombana?" ofisa akauliza.

"Umenifungia maji, mwanangu. Kula, yaishe."

"Nikila hiki, mimi na wewe tutalala ndani."

Bibi akarudi amenuna. "Mkate wangu anaukataa, mtoto wa watu yule!"

Mwalimu akamwambia, "Mama, yule si jirani. Ameshika muhuri wa watu wote, na sheria ya umma imemfunga mikono. Jirani unamwomba. Mwenye muhuri unamwuliza: sheria gani imekuruhusu, na mbona hukutusikiliza kwanza?"

Barua ya kuiuliza Ofisi hayo niliiandika mimi, mistari sita. Je, mnajua kilichonishangaza? Ofisi ilijibu. Ilikiri kwamba hatukusikilizwa, ikafungua mlango nusu, ikatuita Alhamisi tuseme yetu. Miti mitatu imekufa. Iliyobaki itapona maji yakirudi yote, na hatujui kama yatarudi. Lakini safari hii lazima tupewe sababu, tena kwa maandishi.

Mwalimu, asante kwa miaka yako yote pamoja nasi. Nanyi nyote, nawashukuru kwa utulivu wenu.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, hapa nilikuwa nimeandika, "Tunakuomba uje Alhamisi." Mwalimu amelikata neno la kwanza, kwa kuwa nawe umeshika muhuri. Kwa hiyo nasema: Alhamisi, saa nne asubuhi, tutakuwa Ofisi ya Maji, na tunatarajia kukukuta.