Mwalimu Verdiana na Ndege wa Nyakabanga

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, na nyote mliovuka ziwa kuja kutufariji, mimi ni Ildefons Kashaija, mdogo wake marehemu, nimetumwa na ukoo niwasomee maisha ya dada yetu Mwalimu Verdiana Kokubanza, nami nitayasoma kwa furaha, kwa kuwa dada hakuvumilia mtu wa kununa.

Marehemu alizaliwa Buganguzi tarehe 14 Agosti 1921, mtoto wa kwanza wa Ta Protase na Ma Jovita, akasoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1940, na tarehe 8 Januari 1944 akafunga ndoa na Bwana Rugambwa, fundi wa mitumbwi, wakajaliwa watoto wanne, ambao walijua majina ya ndege kabla ya sala ya Baba Yetu, jambo lililomkera sana paroko wa wakati huo.

Alifundisha Rwamishenye hadi tulipopata Uhuru, na Januari 1962 akahamishiwa kisiwa cha Irugo, wengine wakadhani ni adhabu, kumbe kwake ilikuwa sikukuu, maana huko ndiko alikoanza kuhesabu ndege, na hesabu yake ilikuwa ya Kihaya kabisa, mfuko wa kushoto ulijaa kahawa za kutafuna, na kila alipoona aina mpya alihamishia punje moja mfuko wa kulia.

Mwaka 1975 halmashauri ya kijiji chetu cha ujamaa iliamua kufyeka msitu wote wa Nyakabanga, kisiwa kidogo cha jirani, ili tulime mihogo, dada akahesabu, Irugo kubwa iliyokwisha miti akapata aina kumi na mbili, Nyakabanga ndogo yenye msitu akapata thelathini na tisa, akatia punje katika vikapu viwili, na tarehe 6 Septemba akaingia kikaoni kuwaonyesha wazee. Sasa, ndugu zangu, Mhaya gani aliyelelewa vizuri atasimama mbele ya wazee ameshika kahawa asiwakaribishe? Zamu yake ya kusema ilipofika, wazee walikuwa wamekwisha kutafuna ndege wote wa Nyakabanga, dada akacheka, kisha akalia kweli, kwa sababu zilibaki siku tisa tu miti ikatwe.

Kesho yake, baada ya misa, akampakia mwenyekiti Ta Karugendo na wazee wenzake katika mtumbwi wa Rugambwa, akampa kila mmoja punje zake na amri ya kutotafuna, wakakaa kimya msituni mpaka jua la utosi wakitazama mdiria, minandi na kwarara, na Ta Karugendo akatoka na aina arobaini na moja, akatamba kwamba amempita mwalimu, akasema anayetaka mihogo akailime Irugo, ndege wake wasiguswe.

Dada alistaafu mwaka 1976, akarudi hapa Rwamishenye, akaanza kuugua moyo Novemba 1983, akatibiwa Bukoba, na huko wodini Ta Karugendo alikwenda kumkiria kwamba wale wawili wa ziada aliwahesabu mara mbili, dume na jike, naye akamjibu kwamba alijua tangu siku ile, ila alinyamaza, kwa sababu mtu haoni uchungu kukata cha mwenzake, ila chake. Alifariki Jumatano tarehe 16 Mei 1984, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, majirani wa Rwamishenye waliotupikia, walimu wenzake, na wavuvi waliowavusha wageni kutoka Irugo, ambao wametuambia kwamba leo walipopita Nyakabanga kulikuwa na kelele za ndege kiasi cha kushindwa kusikilizana. Dada, hiyo ndiyo kazi yako, nasi tunajivunia, pumzika kwa amani.