Mkebe wa Patrobas Shiundu, Baharia wa Mbotela

Jioni njema, wasikilizaji wapendwa. Mimi ni Teresiah Mbuthia. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza, uje uketi. Leo tunamkumbuka mtu wa mtaa wa Mbotela, hapa Nairobi. Jina lake ni Patrobas Shiundu. Alituacha Jumanne ya wiki jana, akiwa na miaka arobaini na saba. Kesho, Jumamosi, anazikwa nyumbani kwao Butere.

Wengi wenu mnamjua bila kumjua. Ni yule mwanamume mrefu aliyekuwa akipita kwenye uwanja wa mpira wa Mbotela kila asubuhi, saa kumi na mbili, ameinamisha kichwa, mkononi ameshika mkebe wa mafuta ya kupikia. Alikuwa akiokota misumari. Alikuwa akiokota vipande vya chupa. Miaka kumi na miwili, wasikilizaji, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Saa mbili ungemkuta Soko la Burma akitengeneza friji za wenye bucha, na huko alikuwa fundi kama mafundi wengine. Lakini saa kumi na mbili alikuwa mtu wa mkebe.

"Kwanza tulidhani amewehuka," anasema Mama Wacuka, ambaye huuza uji karibu na uwanja huo. "Tulisema, huyu ni wale wamedipotiwa, mwili ukarudi, kichwa ikabaki Amerika."

Nami nisijitoe. Niliwahi kuvuka barabara ili nisisalimiane naye.

Lakini aliyeumia kuliko sisi sote ni mama yake, Asenath Shiundu. Mama Asenath ana miaka sabini na sita, na Patrobas ndiye kifungua mimba wake. Mwaka wa 2005 Patrobas alishinda ile bahati nasibu ya kwenda kuishi Marekani. Miaka miwili baadaye akajiunga na jeshi la wanamaji la huko. Akampigia mama simu: "Mama, niko kwa meli inayobeba ndege za vita." Mama akashika habari ya ndege, ya meli akaiacha hapo hapo. Jumapili akasimama kanisani kutoa shukrani. Mwanangu ni rubani, akasema. Kwaya ikaimba mara mbili.

Patrobas alijaribu kumrekebisha. "Mama, mimi sirushi ndege. Nazifunga minyororo zisiteleze zikaingia baharini."

"Ndege inafungwa minyororo kama ng'ombe?" mama akamjibu. "Wacha utani wako."

Basi rubani akabaki rubani, na mama yake akawa Mama Rubani mtaa mzima.

Mwaka wa 2012 mkataba ulimalizika. Patrobas hakutaka kuongeza hata siku moja. Alirudi Mbotela, akapokewa kwa chapati na nyimbo. Wiki moja baadaye akachukua mkebe mtupu jikoni kwa mama yake, akaenda uwanjani.

"Nilitamani ardhi ipasuke," Mama Asenath ananiambia. "Wamama wa kanisa wananiuliza, huyo si kijana wako? Ninawaambia yuko likizo. Likizo ya miaka kumi na miwili!" Anacheka, halafu anajifuta macho kwa ncha ya leso.

Alimwuliza mwanawe sababu, si mara moja. Jibu lilikuwa hilo hilo: "Watoto wanacheza miguu mitupu, Mama."

Mwezi wa pili mwaka huu, Patrobas alimwomba kitu. Sikilizeni vizuri, kwa maana hiki ndicho kinachomnyima mama huyu usingizi. Alimwambia, "Mama, kesho twende pamoja. Asubuhi moja tu."

"Nikamwambia, mwehu mmoja anatosha kwa hii nyumba," anasema Mama Asenath. "Akavaa viatu. Akaenda. Mlango akaufunga polepole, hata hakuubamiza. Hakuniuliza tena."

Jumanne ya wiki jana, Patrobas alianguka katikati ya uwanja. Shinikizo la damu. Mama Wacuka aliacha uji ukimwagika, akakimbia, akamwinua kichwa. Hawakufika naye hospitali akiwa hai. Mkebe ukaletwa kwa mama yake, na ndani mlikuwa na vitu saba. Mama aliutupa nyuma ya mlango. Anasema alikuwa anaukasirikia.

Sasa, Jumatano ya wiki hii, kwenye kikao cha matanga, akaingia mgeni. Mgeni huyo ni Gitonga, mzaliwa wa Jericho, hapo jirani tu. Gitonga naye alikuwa mwanamaji kwenye meli ile ile. Watu elfu tano, wasikilizaji, ni mtaa mzima unaoelea: kinyozi yumo, kanisa limo, na jela imo. Vijana hawa wawili walikaa humo miezi minne bila kujuana. Siku moja, kwenye foleni ya chakula, Gitonga akasikia mtu mbele yake akinung'unika, "Aii, hii supu ni ya wagonjwa ama?" Alimshika bega, akamwambia, "Niaje, we ni wa wapi?" Tangu siku hiyo hawakuachana.

Gitonga alimweleza Mama Asenath mambo ya asubuhi za melini. Kabla ndege haijaruka, mabaharia hujipanga bega kwa bega, kutoka ukingo mmoja wa uwanja ulio juu ya meli, ndege zinaporukia, hadi mwingine. Wanatembea polepole, macho chini, wakiokota kila kitu. Nati. Kipande cha waya. Hata kijiwe. Injini ya ndege ya vita huvuta chochote kilicho mbele yake, na ikivuta chuma inapasuka. Patrobas na Gitonga walikuwa wakisimama sako kwa bako katika mstari huo.

"Asubuhi moja tulikuwa tunacheka," Gitonga alisema. "Patrobas alikuwa ananisimulia vile Mama amemfanya rubani kanisani. Vile kwaya iliimba. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tukapita."

Walipita nati moja bila kuiona. Saa moja baadaye injini ikaivuta, ikapasuka. Vipande vikamrukia baharia mwenzao, binti wa miaka ishirini, jina lake Tiffany. Alipoteza macho yote mawili.

"Hakuna aliyejua nati ilikuwa mbele ya nani," Gitonga akaendelea. "Ingeweza kuwa yangu. Patrobas aliichukua ikawa yake, na mimi nikamwachia. Nimemwachia miaka hii yote. Nilimwambia amweleze mama yake, akakataa. Akasema, Mama akijua tulikuwa tunacheka nini, atasema ni makosa yake."

Mama Asenath akauliza, "Alicheka sana?"

"Sana, Mama."

"Basi," akasema. "Huku nyumbani sikumwona akicheka hivyo tena."

Jana asubuhi, saa kumi na mbili, nilikuwa uwanjani. Mama Asenath alikuja na mkongojo wake, na mkebe ameukumbatia. Magoti yake hayakunjiki. Kwa hiyo alikuwa akionyesha kwa mkongojo, na Gitonga akiinama kuokota. Tulikuwa watu wanne tu, pamoja na Mama Wacuka. Mstari wetu ulikuwa umepinda. Ilituchukua karibu saa nzima kufika ng'ambo. Katikati ya uwanja mama alisimama, akasema kwa sauti ya kawaida, "Patrobas, nimekuja. Nimechelewa, mwanangu, lakini nimekuja."

Tuliokota msumari mmoja, wa inchi tatu, karibu na goli. Vitu saba vya Patrobas, na kimoja cha mama yake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa hapa studio, pole sana, Mama Asenath. Pole kwa ukoo wote wa Shiundu, Mbotela na Butere. Pole, Gitonga. Na Tiffany, popote ulipo, hutaelewa lugha hii, lakini yuko mtu hapa Nairobi aliyekukumbuka kila asubuhi ya Mungu. Sisi wengine, tujiulize ni nani tuliyemwita mwehu bila kumwuliza amebeba nini. Na aliye na mtu wa kumwambia "twende pamoja", aende.

Mama ameniazima mkebe kwa leo. Nausogeza karibu na kipaza sauti. Nautikisa.

Mmesikia? Ni vitu vinane.

Leo nilipokuwa nikiaga, mama alinishika mkono. Hakuzungumzia jeneza, wala safari. Alisema, "Kesho sote tutakuwa Butere. Na kesho ni Jumamosi, watoto hawana shule, wataingia uwanjani mapema. Nani atapita?"

Watu wa Mbotela, mama ameuliza. Uwanja mnaujua. Saa mnaijua.