Video Ipo Chumba cha Pili

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kinyozi, pale ukuta unapotoa kivuli mpaka adhuhuri, na kahawa tunamiminiwa na mama mmoja mwenye birika kubwa na maneno machache. Wenye benchi ni watatu, ukiniondoa mimi msikilizaji. Wembe ndiye kinyozi mwenyewe. Posta ni mzee aliyestaafu kazi ya kugawa barua. Waya ni kijana wa kupanda nguzo na kuvuta nyaya za intaneti. Asubuhi hiyo Wembe alimwacha mteja kitini, kanyolewa upande mmoja, akaja kusimama mbele yetu na mashine ya kunyolea mkononi.

WEMBE: Waya, mtandao wenu ni wa kishenzi!

WAYA: Hata salamu, kaka?

WEMBE: Salamu gani! Jana dada yangu nusura afiwe na mtoto wa watu mikononi.

Dada yake ni mkunga. Zahanati yao imeletewa mashine mpya ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, na maelekezo yake yamo kwenye video. Jana kazaliwa mtoto, pumzi inamkataa. Mkunga akakimbilia kompyuta, kumbe waya mkubwa wa intaneti wa kwenda ng'ambo umekatika.

WEMBE: Sasa sikia uchungu wenyewe. Video hiyohiyo daktari aliitazama juzi, kwenye kompyuta ya chumba cha pili. Imo mle! Ukuta tu katikati! Lakini dada kila akibonyeza, kompyuta inang'ang'ania kwenda ng'ambo kwa mwenye video, na mwenyewe hapatikani. Mtoto akapakiwa garini kukimbizwa hospitali, anageuka rangi.

POSTA: Amepona?

WEMBE: Kapona, Mungu mkubwa. Lakini si kwa hisani yenu!

POSTA: Fimbo ya mbali haiui nyoka.

WAYA: Ndivyo mtandao ulivyojengwa, kaka. Hauulizi unataka nini. Unauliza unakwenda kwa nani. Mwenye nyumba akifunga mlango, imekula kwako, hata kama kitu chenyewe kimejaa mtaani.

WEMBE: Yaani nikitaka chumvi, jirani anayo, mimi nipelekwe kiwandani!

WAYA: Ndiyo hivyo. Wapo wataalamu wanaotaka kuugeuza. Unataja jina la kitu tu, na chombo chochote cha karibu chenye nakala kinakupa.

POSTA: Barua bila anwani! Nimebeba mkoba mpaka bega likalala, mbwa wamenirarua suruali, leo unaniambia anwani haina kazi? Mkataa kwao mtumwa!

WEMBE: Hiyo nayo imeingiaje hapa?

POSTA: Imeingia! Na nitajuaje kama alichonipa jirani ni chenyewe, si cha kughushi?

WAYA: Kitu kinatembea na muhuri wa aliyekitengeneza. Kikichezewa, chombo chako kinakikataa.

WEMBE: Basi mbona hamjaugeuza? Njama! Hao wenye nyumba wanataka tupange foleni mlangoni kwao. Akili ni nywele, na mimi nazinyoa kila siku, nawajua watu!

POSTA: Hata hizo nyaya wanazikata wao. Wanakata ili tukumbuke mwenye nyumba ni nani!

MTEJA (kutoka ndani): Kinyozi, kichwa changu!

WEMBE: Subiri, tunaikomboa dunia! Mimi nikipewa nchi asubuhi moja tu, kila simu itabeba kila kitu. Hata ng'ombe atavishwa kifaa! Kitu kikitoka leo, kesho kiko kwa kila mtu, na asiwepo wa kukizuia. Asiwepo!

Wakati huo alikuwa amesimama nyuma yake dada mmoja, fundi cherehani aliyehamia mtaa wa pili si zamani. Alikuja kuchukua kahawa ya wateja wake.

DADA: Shikamoo, mzee. Samahanini, kaka zangu. Kitu kikishakuwa kwa kila mtu, anayetaka kifutwe anamwomba nani?

WEMBE: Kifutwe tena? Kwa nini?

DADA: Aliyekuwa mume wangu alinipiga sokoni. Nguo zikachanika, watu wakanirekodi. Aliyeiweka video hiyo mtandaoni nilimtafuta, nikamlilia, akaifuta kwake. Angalau alikuwepo wa kumlilia. Huko kwenu kupya nitamlilia nani?



WAYA: Kuna ule muhuri... unathibitisha kwamba kitu ni cha kweli.

DADA: Najua ni cha kweli, kaka. Nilikuwepo.

  Wembe akaweka mashine ya kunyolea benchini, akatoa simu, akainamia kioo muda mrefu, kidole kikitafuta. Akabonyeza kufuta.

WEMBE: Hiyo ni moja, dada.

DADA: Ulikuwa nayo?

 Dada akachukua vikombe vyake, akaondoka bila kumwaga hata tone. Posta akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona, halafu akatugeukia mimi na Waya. 

POSTA: Na ninyi. Toeni simu zenu.