Kutu Kwenye Magoti Yangu

Muga, watu wa Meru. Na ninyi mliotoka Manyatta kule Embu asubuhi na mapema, karibuni, poleni na baridi. Mtaalamu amemaliza kuwaonyesha mbegu na mbolea, na nimeona mkiandika mpaka kalamu zikakauka. Mwenyekiti ameniambia nizungumze kabla ya chakula, kwa sababu nikizungumza baada ya chakula mtasinzia. Mimi sidhani mtasinzia.

Hapa mbele kuna mama nimemsikia akimuuliza mwenzake, "Huyu na suruali nyeupe hivi, anaenda shamba ama anaenda harusi?" Mama, nimekusikia. Nitakujibu, nipe muda tu.

Ndugu zangu, ninalima ngano upande wa Timau, mahali ambapo mashamba yamenyooka mpaka macho yanachoka. Nilianza na ekari chache za kukodi, Mungu akanibariki, nikaongeza. Ikafika mahali ngano yangu ni ile ambayo mtu wa bodaboda anapunguza mwendo aitazame. Mtaalamu wa siku hizo, si huyu wa leo, akanichagua niwe mjumbe wa kikundi chetu. Kazi ya mjumbe haikuwa ngumu. Kila Jumatatu utembee shambani, umpigie simu umwambie umeona nini, na chochote atakachosema uwafikishie wengine. Watu walizoea hivyo. Mjumbe akisema pigeni dawa, wanapiga. Akisema bado, wanangoja.

Jirani yangu alikuwa mama mjane, umri wa dada yangu mkubwa. Kati yetu ni waya tu. Mume wake alipofariki, shemeji zake walitaka lile shamba likodishwe, yeye arudi kwao Kanyakine apumzike. Akakataa. Akawaambia, "Nipeni misimu miwili. Nikishindwa, nitafunga nyumba mwenyewe." Wakamcheka, wakakubali. Msimu wa kwanza alivuna kidogo, si vibaya. Msimu ninaowasimulia ulikuwa wa pili.

Sasa, kosa langu halikuanzia kwa kutu, ule ugonjwa mwekundu wa ngano. Lilianzia kwa kondoo. Mnajua baada ya kuvuna, punje zilizoanguka huota zenyewe mvua ikinyesha kidogo. Mtaalamu alikuwa ameniambia, "Hiyo ngano ya kujiotea uilime ife, isikae kijani mpaka msimu mwingine. Kutu inakaa hapo ikingoja ngano mpya." Nikasema ndiyo. Lakini nani wa huku kwetu ataangalia majani mabichi wakati wa kiangazi na kondoo wake wana njaa, ayageuze na jembe? Nikaacha kipande pale chini, karibu na waya. Kondoo wakanenepa. Nikajiona mjanja.

Msimu ukaja vizuri. Ngano ikatoa masuke, ikasimama kama imechanwa na kitana. Mtaalamu akapanga siku ya wakulima, na shamba lililochaguliwa likawa langu. Wakaweka kibao kwenye geti, jina langu kwa herufi kubwa. Nawaambia ukweli, nilikuwa natoka kila asubuhi kukipangusa na kitambaa.

Jumatatu moja, zikiwa zimebaki siku kumi hivi, niliingia shambani umande bado mzito. Nilipotoka upande wa chini nikaangalia miguu yangu. Suruali ilikuwa nyekundu. Kuanzia kwa viatu mpaka juu ya magoti, nyekundu ya matofali. Nikarudi nikainama. Kwenye mabua kulikuwa na malengelenge yamepasuka, na ukigusa, unga unabaki kwenye kidole. Ilikuwa kutu ya shina. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Simu ilikuwa mfukoni. Niliitoa, nikaiangalia, nikairudisha. Nilifikiria kile kibao. Nilifikiria wageni wakifika waambiwe shamba la mfano lina kutu, na mjumbe mwenyewe ndiye aliyefuga ugonjwa na kondoo zake. Nikaanza kung'oa yale mabua mekundu, nikiyajaza kwenye gunia, na kila bua nililovuta lilitoa vumbi. Asubuhi kwetu upepo hushuka kutoka mlimani. Niliona lile vumbi likivuka waya kwa macho yangu haya, na niliendelea kung'oa.

Hapo ndipo nikasikia, "Jirani."

Alikuwa amesimama upande wake wa waya, leso kichwani, kikombe cha uji mkononi. Nikaweka gunia nyuma yangu. Nikaweka mikono yangu miwili hapa, juu ya magoti, kama mtu anayepumua baada ya kukimbia.

Akaniuliza, "Ngano iko salama?"

Nikamwambia, "Iko sawa, Mama."

"Hata yangu nisiipigie dawa?"

"Bado. Nitakuambia."

Akasema asante. Akaenda. Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno yenyewe. Sijaongeza, sijapunguza. Kesho yake alfajiri nilichukua mashine nikapiga dawa shamba langu lote, na yeyote aliyeniuliza nilimwambia ni mbolea ya majani.

Mke wangu alifua ile suruali mara mbili. Akaniletea ikiwa bado imelowa. "Baba, hii rangi ni ya nini? Haitoki."

"Ni udongo."

"Udongo wetu ni mweusi," akasema. Akaianika.

Siku ya wakulima ikafika. Watu walijaa. Nilipigiwa makofi, nikapigwa picha nimeshika suke. Na unajua nani alikuwa jikoni kwangu akisaidia kupikia wageni? Yeye. Alikata vitunguu tangu asubuhi, akatoka macho yamejaa machozi, akanitania, "Usifikiri nakulilia, ni vitunguu." Nilicheka pamoja naye. Kicheko hicho bado nakisikia mpaka leo, changu, si chake.

Majuma matatu baadaye ngano yake ilianza kulala. Mabua yalikuwa yameliwa ndani, upepo mdogo tu ukipita yanavunjika. Ukikanyaga unasikia yanakatika, tik, tik, tik. Kwangu dawa ilikuwa imewahi, nikapoteza kidogo. Kwake alipokuja kustuka ilikuwa imechelewa, dawa haifufui kilichokufa. Siku kombaini ilipokuja, dereva aliingia shambani kwake, akazunguka mara moja, akasimama. Alishuka na punje mkononi, nyembamba, zimekunjamana. Akazipuliza. Zikaruka zote, mkono ukabaki mtupu. Akasema, "Mama, hii nikivuna nakuibia." Akageuza mashine, akaja kuvuna yangu.

Yule mama hakulia. Aliokota punje kidogo akazifunga kwenye pindo la leso. Mwisho wa mwezi alifunga nyumba, kama alivyowaahidi shemeji zake, akarudi Kanyakine. Alipita kwangu kuniaga. Aliniambia nimwangalizie mlango.

Mtaniuliza, ulijisikiaje? Mwanzoni nilijiambia upepo ni wa Mungu. Kutu ingeweza kutoka popote. Hata yeye angeweza kutembea shamba lake mwenyewe, si ana miguu? Mnajua jinsi mtu anavyojitetea akiwa peke yake, hakuna wakili anayemshinda. Lakini kila asubuhi nikifungua mlango, naona ule wake umefungwa. Nikaanza kuona nyekundu mahali haipo. Kwenye unga wa chapati. Kwenye vumbi la barabara. Kanisani mchungaji akisema tuinamishe vichwa, mimi nilikuwa naangalia magoti yangu.

Nikaacha kutembea shambani Jumatatu. Niliogopa. Nilikuwa mkulima anayeogopa ngano yake. Mtaalamu akipiga simu siishiki. Msimu uliofuata nilipanda nimechelewa, magugu yakanishinda, dawa nikapiga wakati si wake. Kile kibao kilianguka, nikakiacha kwenye nyasi. Wenzangu wa kikundi wakasema nimerogwa. Mke wangu alisema, "Hajarogwa. Kuna kitu amemeza." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya shamba, lakini aliyeumbuka akawa mtu mwingine.

Halafu mvua ikanyesha nje ya msimu. Asubuhi moja nilipita karibu na waya, nikaona shamba la yule mama ni kijani. Hakuna aliyelima, hakuna aliyepanda. Ile ngano iliyoachwa ilikuwa imeota yenyewe, ekari zote, inacheza na upepo kama vile mwenyewe yupo. Nikavuka waya. Nilitembea hatua chache tu. Niliposimama sikutaka kuangalia chini, lakini niliangalia. Magoti yalikuwa mekundu.

Niliketi palepale kwenye umande, mzee mzima, nikalia. Ilikuwa imenirudia. Na safari hii nilijua kitakachofuata: wenzangu wanaanza kupanda baada ya wiki chache, na ile kutu itawala wote kama ilivyomla yeye. Ilibidi shamba lilimwe upesi. Na huwezi kulima shamba la mtu bila ruhusa yake.

Sikupiga simu. Nilienda Kanyakine vilevile nilivyokuwa, na ile suruali.

Nilimkuta akichambua maharagwe nje ya nyumba ya kaka yake. Aliniangalia usoni, akaniangalia magotini. Akasema, "Umekuja."

"Nimekuja, Mama."

"Kaa. Kuna githeri, ule."

Sikuweza kukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Kondoo, gunia, dawa ya alfajiri. Nilimaliza nikasema, "Siku ile uliponiuliza, nilikuwa nimeiona."

Aliendelea kuchambua maharagwe. Akasema, "Najua. Magoti yako yalikuwa mekundu, mikono yako haikufunika hata nusu."

Nikamuuliza, "Kama uliona, kwa nini hukupiga dawa?"

Akaweka lile sinia chini. "Nilikuwa na dawa kwa nyumba. Nilikuwa nimeshainunua. Nilikuja pale kwa waya nikuulize tu ni leo ama kesho. Nikaona ile rangi kwako, nikasema moyoni, huyu ndiye anaongea na mtaalamu. Kama amejaa kutu mpaka magotini na anasema iko sawa, basi hii kutu si ya kuogopa. Nikarudi nikafungia dawa kabatini."

Hilo ndilo jambo nililotaka mlisikie leo. Nilikuwa nimefikiri kosa langu ni kunyamaza. Lakini mtu alikuwa na macho yake, alikuwa na dawa yake, na neno langu likamwambia asiamini macho yake.

Nilimwomba msamaha. Hakunipa siku hiyo, na sikustahili. Alinipa masharti. "Lima hilo shamba, lote, kusibaki jani. Halafu uende kwa kikundi uwaambie. Usiwaambie nusu. Na kila Jumatatu utanipigia mimi, uniambie suruali yako ina rangi gani."

Nililima. Nilisimama mbele ya kikundi, na wengine walitoka nje nikizungumza. Kuna mmoja ambaye mpaka leo hanisalimu, na simlaumu. Nilinunua suruali nyeupe, hii, Mama wa hapa mbele, ndiyo jibu lako. Ngano ya kutoa masuke siiingii na nguo nyingine. Wenzangu nao wakaanza, tunatembea mashamba ya wenzetu, si yetu, maana jicho la mwenye shamba lina mapenzi. Ukituona Jumatatu utadhani ni watu wa ubatizo.

Nilimpigia kila Jumatatu. "Suruali?" anauliza. "Nyeupe, Mama." Anakata. Misimu miwili ilikuwa hivyo tu, hakuna habari ya watoto, hakuna habari ya hali ya hewa.

Ninamshukuru mke wangu, aliyejua udongo wetu ni mweusi na akaningoja. Ninamshukuru mtaalamu, aliyenipokea simu baada ya mimi kukataa zake. Ninawashukuru wale wa kikundi waliotoka nje halafu wakarudi wakaketi. Na ninyi wa Manyatta mnaokuja kukodi mashamba huku, mwanzo wa msimu ni sasa: ngano ya kujiotea muiue, hata kondoo walie. Tembeeni asubuhi wakati wa masuke. Mkiona nyekundu, msimwendee jirani na mikono kwenye magoti.

Nilidhani nikiungama itaisha. Haijaisha. Nyumba yake bado imefungwa, nami bado nauangalia ule mlango kama alivyoniambia. Lakini msimu uliopita, Jumatatu moja, nilitoka shambani kwa jirani mwingine nikaangalia chini. Sikungoja kufika nyumbani. Nilimpigia mwenye shamba, nikapigia kikundi, nikapigia mtaalamu, na kabla ya chai mashine zilikuwa zinapiga dawa kila upande. Halafu nikampigia yeye.

"Suruali?"

Nikasema, "Nyekundu, Mama."

Safari hii hakukata simu. Kisha akasema, "Sasa umenijibu."