Jumamosi Ambayo Delbert Stroud Hakuanguka

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa, mimi ni Wendell, mdogo wake marehemu, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu, kama alivyosema shemeji yangu Marva, katika ukoo huu mimi ndiye ninayekumbuka tarehe, na ndiye ninayewasahihisha wengine wakizikosea. Nitazisoma kama zilivyo.

Marehemu Delbert Ray Stroud alizaliwa tarehe 9 Novemba 1947 hapa Coolidge, Arizona, akiwa wa pili kati ya wavulana watatu wa Orval na Ivadell Stroud, wakulima wa pamba. Mkubwa wetu alikuwa Royce, aliyeuawa vitani Vietnam tarehe 20 Mei 1968, na baada ya hapo jina lake halikutajwa sana mezani kwetu.

Marehemu alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapahapa mjini, akahitimu Mei 1965 bila kung'ara sana isipokuwa katika useremala, na jeshi lilipomwita lilimrudisha nyumbani kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, jambo ambalo Mama alimshukuru Mungu kwalo bila kuficha. Mwaka 1966 aliajiriwa kwenye mifereji ya umwagiliaji, akawa anafungua na kufunga malango ya maji ya mashamba kwa miaka arobaini na mitatu, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, na wakulima mliopo hapa mnajua kwamba hakuwahi kumpa mtu maji hata dakika moja kabla ya zamu yake, mimi nikiwemo.

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na Marva Teague katika kanisa la Kibaptisti mjini Florence, wakajaliwa watoto wawili, Colleen na Dwight, na wajukuu wanne.

Mwaka 1986 marehemu pamoja nami tulijiunga na kikosi cha kuigiza vita, ambacho kila Machi hukutana na vikosi vingine katika hifadhi ya jangwani, chini ya mlima, kurudia mapigano madogo ya mwaka 1862, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya askari wa Muungano na askari wa Kusini, watazamaji wakiwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, na sisi tukichemka ndani ya makoti ya sufu. Tulirusha sarafu, Delbert akaangukia kuvaa bluu ya Muungano, mimi kijivu cha Kusini. Wengi wenu mnamkumbuka kwa jinsi alivyokuwa anakufa, kwa maana wakati sisi wengine tunatafuta kwanza kivuli na kuchungulia kama pana miiba, yeye alidondoka palepale kama gunia la mbegu za pamba, akalala chali juani bila kutikisika, hadi ipigwe ile tarumbeta ya mwisho, wafu wainuke, wavue kofia na kwenda kula maharage.

Sasa nimefika tarehe 10 Machi 2001, ambayo Marva aliniomba niiruke, nami nimekataa. Kanuni yetu ni kwamba ukilengwa waziwazi kutoka karibu, mtutu ukiwa umeinuliwa juu ya kofia yako kwa usalama, unaanguka, kwani bunduki ina baruti tupu na hakuna kinachoweza kukuangusha isipokuwa uungwana wako. Siku hiyo nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa koplo, nikamkuta Delbert amesimama peupe kando ya dungusi kakati, ule mmea wa miiba wa jangwani, hatua kumi na mbili kutoka kwangu, nilizipima baadaye, nikafyatua. Hakuanguka. Nikapakia upya, kazi ya nusu dakika nzima, naye ananingoja, nikafyatua tena, akabaki wima vilevile, macho ameyaelekeza kwa watazamaji, na vikosi vyote viwili vikaangua kicheko.

"Koplo, hebu mtupie jiwe!" mmoja alipaza sauti, na mwingine akadakia, "Muulize kwanza, pengine ana miadi!"

Nilikuwa katibu wa kikosi, kwa hiyo barua ya kumsimamisha misimu miwili niliiandika mwenyewe, nikaisoma mbele ya wote, naye akaitia saini bila kujitetea, na hatukusemezana kwa miaka minane, hata tarehe 4 Januari 2002, tulipomzika Mama na kubeba jeneza lake pamoja, yeye mbele, mimi nyuma.

Tulianza tena kuzungumza mwaka 2009, kwenye harusi ya Colleen, lakini kila ilipofika Machi nilimwambia, "Kaka, kubali tu yaishe, nilikupata," naye kila mara akanijibu, "Bwana mdogo, wewe hata nzi aliyekukalia puani hujawahi kumpata."

Aprili 2021 marehemu alianza kukohoa, madaktari wa Phoenix wakagundua kwamba mapafu yake yameharibika, akawa anaishi kwa mashine ya oksijeni, kwanza usiku tu, halafu mchana pia. Tarehe 15 Januari mwaka huu nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, akausogeza mpira wa hewa, akasema, "Wendell, ulinipata. Barabara kabisa, mara zote mbili." Nikamuuliza kwa nini basi hakuanguka. Akanieleza kwamba asubuhi ile Mama, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, alimshika mkono wa koti akamwita Royce, akamwambia, "Royce, mwanangu, huko unakokwenda usianguke," naye akamwahidi, na Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele wa watazamaji.

"Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemsahihisha."

Ni kweli, ningemsahihisha. Kila Mama alipouliza Royce anarudi lini, mimi nilimpa jibu sahihi pamoja na tarehe, na kila mara alilipokea kama habari mpya, akalia hadi jioni, nami nilidhani ninamheshimu. Ninaona aibu, na inaniuma. Barua yangu ilisomwa hadharani, ndiyo maana na haya nimeyasoma hadharani, na jana kikosi kilikubali kuifuta.

Marehemu alifariki nyumbani kwake siku ya Alhamisi, tarehe 2 Februari 2023, saa nne asubuhi, Marva akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, muuguzi wa nyumbani Bi. Ofelia aliyevumilia utani wake, majirani walioleta vyakula hadi friji ikakataa kufungika, wafanyakazi wenzake wa mifereji, na askari wa pande zote mbili, waliokuja leo wamevaa sufu.

Mwezi ujao tarumbeta italia pale jangwani, na wengine watainuka, wajipanguse vumbi. Wewe, kaka, usijisumbue. Ahadi yako kwa Mama uliitimiza, na kile kiti cha mbele sasa hakina mtu. Anguka, upumzike.