Mashine ya Kupaza Sauti Si Kamba ya Nepi

Kaeni chini, wanangu, Wakio binti yangu huku na wewe Donald huku, na mnifungie hiyo midomo, maana nimelala hapa nikiwasikia mkibishana juu ya kichwa changu kana kwamba nimeshazikwa, na wala hamgombanii shamba, mnagombania kama mashine ya kupaza sauti iachwe ikiwaka au izimwe.

Shamba la kule Mwanda mtagawana kwenye mfereji, juu la Wakio, chini la Donald. Ng'ombe ni wa mama yenu. Hayo yamekwisha. Sasa mashine, ambayo niliipandisha mimi mwenyewe kutoka Voi hadi hapa Werugha, nikaiunganisha na umeme wa kinu cha maji unaofika kanisani na nyumbani humu, ili hata bibi anayeketi nyuma kabisa asikie neno.

Wewe Donald ulisoma mahali kwamba zile taa zake za kioo hufa kwa kuwashwa na kuzimwa, ukaiacha ikiwaka hapa nyumbani wiki nzima. Na mkeo Alice, kwa kuwa ukungu wetu haukaushi hata kitambaa, akaona joto la bure, akaanika nepi juu yake. Nepi, Donald. Juu ya mashine ya kusomea Zaburi. Maji yakadondoka, taa moja ikapasuka, na sasa imebaki ile moja ya akiba.

Na wewe Wakio usicheke. Wewe uliizima kila mhubiri alipovuta pumzi, ukaiwasha tena, watu wakakaa wakingoja ipate joto huku yeye anachezesha midomo tu na hakuna anayemsikia. Mmeniudhi nyote wawili. Tangu Pasaka mnapitana njia ya mtoni bila salamu, ndugu wa tumbo moja, kwa sababu ya swichi.

Kwani mimi nilifanyaje miaka yote? Niliiwasha mtu wa kwanza alipofika mlangoni pa kanisa. Ilipokuwa ikipata joto, watu waliamkuana, wakaulizana habari za watoto na mahindi, na ilipoanza kuvuma tukaimba. Niliizima wa mwisho alipotoka. Nani aliwahi kulalamika?

Basi nasema hivi, na nisirudie. Mashine ni yenu wawili. Donald atatunza waya wake, Wakio atatunza hiyo taa, asiwepo wa kuiwasha bila mwenzake. Atakayeiuza asikanyage kaburini kwangu.

Nipeni maji. Polepole... hapo, yatosha.

Siku ya kunizika iwasheni mapema, ndugu zetu wa Mbololo watakuja kwa miguu na wengine masikio yamechoka. Alice asiweke hata leso juu yake.

Pumzi yenyewe... haya. Ileteni hapa kitandani. Donald, chomeka waya. Wakio, ishike taa kwa kitambaa, usiiguse kwa vidole, ikaze taratibu. Washeni sasa. Mungu awape maisha marefu na watoto wenye adabu kuliko ninyi, awalinde mlimani na bondeni, na mimi nimewasamehe, ingawa bado nina hasira.

Msiniangalie mimi. Itachukua muda kupata joto. Donald, dada yako ndiye mkubwa, anza wewe... mwamkie.