Wakili Aliyejifunza Kusema ya Upande wa Pili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, wakili wetu mwandamizi anastaafu baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake liko mlangoni, lakini hapa kila mtu humwita Shangazi, hata mkurugenzi. Nimeagizwa niandike mambo ya kufurahisha. Yapo, nami nitajitahidi.

Shangazi alianzia kitengo cha biashara. Akiwa bado wakili mchanga alitumwa kwa wenyeji wa bondeni, amtetee mteja wetu, kampuni ya mbao iliyotaka kuizungushia uzio chemchemi yao. Alizungumza asubuhi nzima. Alipomaliza, bibi aliyeongoza kikao akamwambia, "Mwanangu, ya kwako umeyasema vizuri. Sasa tusemee na ya kwetu." Kwa sheria ya watu wale, huwezi kuomba hukumu kabla hujaeleza hoja za mpinzani wako, mpaka mwenyewe aridhike na kusema, "Hapo umefika." Shangazi akafungua faili; humo mlikuwa na hoja za kampuni tu. Mzee mmoja akacheka: "Msomi, ya kwetu hayamo humo!" Wakamwambia aende akajifunze.

Alirudi mara tatu. Mara ya mwisho waliridhika, wakaipa kampuni njia ya kupitishia magogo, na chemchemi ikabaki wazi. Kampuni ilimshtaki kwa mkurugenzi wa wakati ule kwamba amewasemea maadui. Shangazi akaomba kufungua Dawati la Sheria za Jadi. Alipewa chumba cha mwisho kabisa, kilichokuwa stoo ya viti vibovu, na viti vyenyewe vilikaa humo miezi kadhaa baada yake. Wenzake walimbatiza Wakili wa Mizimu. Baadhi yao watahudhuria sherehe, kwa hiyo naishia hapo.

Kutoka chumba hicho aliishawishi Mahakama ya Rufaa ikubali kuwa sheria ya bondeni ni sheria, si hadithi za wazee. Mawakili wanagenzi aliwasimamisha mbele ya meza yake na kuwaamuru wamtetee mpinzani kwanza. Hata mhasibu wetu, aliyekwenda kwake kulalamika juu ya mkewe, aliambiwa, "Haya, nisemee ya shemeji." Alianza kwa kishindo, akamaliza kwa sauti ya chini, akaomba ruhusa ya kuwahi nyumbani.

Dawati hilo linafungwa siku anayoondoka. Ofisi imeeleza kwamba wateja wake ni wachache na safari zake ni ndefu, na ni haki niyaandike hayo, kwa sababu ni kweli. Ni kweli pia kwamba kampuni ya mbao imepata wamiliki wapya, wanaotaka uzio uleule, na kesi, ambayo safari hii tunawatetea wenyeji, inasikilizwa tarehe 14 Julai. Shangazi aliomba aongezewe mwezi mmoja tu. Alijibiwa, "Umri ni umri, Shangazi." Faili limekabidhiwa kwa wakili wa kitengo cha biashara. Shangazi amemwita chumbani kwake wiki mbili sasa, aje ajaribu kuzisema hoja za kampuni. Wakili huyo amejibu kwamba atalisoma faili njiani, kwenye gari. Wenyeji walipopiga simu kuuliza nani atawasemea, Shangazi aliwaambia, "Wanangu, sijamsikia bado."

Shangazi, tunakushukuru kwa subira yako kwetu, na kwa kutufundisha kusikiliza, ingawa si wote tuliofuzu. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na wajukuu watundu. Umesema tarehe 14 utakuwa mahakamani, benchi la nyuma, pamoja na watu wa bondeni. Leseni yako itakuwa imekwisha, na hutaruhusiwa kutamka neno. Tunakuombea uimalize siku hiyo salama, na baada yake upate siku nyingi zilizo bora kuliko hiyo.